Gari la V6 lenye supachaja: kulanti inaenda wapi? Shajara ya Ndeeba

Jumamosi

Gari ni jipu (jeep) la Kiingereza la mwaka 2014, la petroli, V6 ya lita 3.0, yani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na supachaja, ile mashine ya kusukumia hewa kwenye injini, imelala katikati ya ile V. Huu mwaka wa tatu niko nalo na nalipenda, nasema mapema maana watu wakisikia gari la namna hii lina shida kitu cha kwanza wanakwambia uza. Siuzi.

Tulikuwa tunatoka Masaka, tukasimama Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta watoto wapige picha. Nikazima injini, nikashuka, na hapo ndo nikasikia harufu tamu tamu, kama sukari inayoanza kuungua. Mama watoto akasema ni wale wanaochoma gonja (ndizi tamu za kuchoma) ng'ambo ya barabara. Nikazunguka mbele ya boneti harufu ikazidi, nikainama chini, hakuna tone hata moja. Mshale wa joto uko katikati kama siku zote, taa hakuna. Tukaja pole pole mpaka nyumbani Kyengera.

Jumapili

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nikafungua kifuniko cha tangi la kulanti, yani maji ya kupozea injini (ikiwa ya moto usiguse, ule mvuke unababua uso), nikakuta kulanti iko chini ya alama ya MIN. Nikaongeza karibu nusu lita. Nikabandika tepu nyeupe pembeni ya tangi nikachora mstari kwa kalamu, na kuanzia leo napima kila asubuhi kabla ya kuwasha, naandika hapa.

Jumatatu mpaka Alhamisi

Jumatatu imeshuka kidogo, upana wa kucha. Jumanne vilevile. Jumatano nilikwama jam ya Kibuye dakika 50 na asubuhi yake nikakuta imeshuka vidole viwili. Kwa hiyo si kilomita zinazoimaliza, ni joto. Hilo nimeliwekea alama.

Alafu jambo la mshale. Nina kale kadude ka bluetooth kanachomekwa chini ya usukani kanatuma namba kwenye simu, na pale Kibuye niliona joto la kulanti limepanda mpaka digrii 104 mshale wa dashibodi ukiwa pale pale katikati, haujatikisika. Magari mengi ya siku hizi mshale umetulizwa makusudi, ndani ya nafasi kubwa ya joto unabaki sehemu moja ili dereva asihangaike. Na kuna baya zaidi: maji yakiisha kabisa sensa inabaki inapima hewa na mvuke badala ya maji, unaweza kuendelea kuendesha unaona mshale uko sawa huku hedi ya aluminiamu, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, inapinda. Ndo maana gari hizi zinakufa barabarani mwenyewe anakwambia "haikuonyesha kitu".

Ijumaa

Nimeipeleka gereji moja mjini. Wakachungulia kama dakika 10, wakasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na block) imeungua, niache gari wafungue injini. Nikauliza mmepimaje, wakasema gari hizi ni hivyo. Nimeondoka na gari yangu.

Jioni nikaenda Ndeeba, mtaa wa hapa Kampala, kwa fundi Hajji. Hajji ni mtu wa Bombo, mzee wa zamani kwenye kazi hii, na kwake lugha ya gereji ni Kiswahili kuanzia yeye mpaka vijana wake. Nikamweleza yote, nikamwonyesha daftari. Akasoma mstari kwa mstari, alafu akasema: "Mwanangu, maji hayapotei. Yana mlango. Tuutafute mlango kwanza, spana baadaye."

Jumamosi ya pili

Leo tumepima tu, hatujafungua injini, na nataka niandike kwa urefu maana siku hii ndo imeokoa pesa.

Kwa injini yenye supachaja milango iko mitatu. Wa kwanza ni nje, paipu, hosi, rejeta, pampu. Wa pili ni ndani ya silinda, yani gasketi au hedi. Wa tatu ndo watu wengi wanausahau. Supachaja inakandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa inapata joto, kwa hiyo kwenye injini hii hewa inapita kwanza kwenye intakula mbili za maji, yani vipozeo vya hewa, kabla ya kuingia kwenye silinda. Intakula ikitoboka ndani, kulanti inaingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa, inaenda kuungua, nje huoni kitu. Na ikijaa usiku kwenye silinda moja, asubuhi ukipiga stata pistoni inakuta maji, maji hayakandamiziki, konrodi (ile fimbo inayoshika pistoni) inapinda.

Tukaanza na mlango wa pili. Hajji ana kile kichupa chenye maji ya bluu kinawekwa juu ya tangi injini ikinguruma, gesi ya moshi wa injini ikiwa inaingia kwenye kulanti ile rangi ya bluu inageuka njano. Tukasubiri, tukapandisha mlio, tukasubiri tena. Bluu. Oili kwenye kijiti safi, chini ya kifuniko cha oili hakuna yale maziwa ya oili iliyochanganyika na maji. Nilipumua.

Mlango wa tatu: tukatoa plagi zote sita, tukaingiza kamera ya nyoka inayounganishwa na simu. Silinda ambayo kulanti inaingia huwa kichwa cha pistoni kinang'aa kama kimeoshwa, wenzake wakiwa na masizi. Zetu zote sita zina masizi sawa. Kwa hiyo intakula nazo nje ya kesi.

Umebaki mlango wa nje, na kwa huo lazima ujaze presha kwenye mfumo injini ikiwa baridi. Pampu ya mkono Hajji anayo, lakini hakuna kati ya vifuniko vyake kinachokaa kwenye tangi la gari hii. Kijana wake mmoja akachukua kifuniko cha zamani nilichonunua soko la spea la Kisekka, akapanda boda mpaka Katwe ya hapa Kampala, huko fundi wa mashine ya kukereza akakitoboa katikati akaweka nipeli ya shaba na oringi (pete ya mpira ya kuzibia). Saa moja na nusu kazi imerudi, inakaa kama imetoka kiwandani. Wale watu wa Katwe wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Tukapampu presha mpaka PSI 15. Tukaacha, tukatandika magazeti chini ya gari nzima, tukafunga gereji.

Jumapili ya pili

Saa mbili asubuhi: geji inasoma 9. Magazeti makavu isipokuwa doa moja, na doa lenyewe haliko mbele, liko nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Dogo mmoja akasema ni sili ya krenki, yani oili. Hajji akagusa, akanusa, akampa anuse. Kulanti.

Sasa maji ya mbele yanafikaje nyuma? Ile V katikati ya injini ni kama bonde lenye kuta mbili, na supachaja imefunika juu kama paa. Kitu kikivuja chini ya hilo paa, maji yanakaa bondeni, injini ikipata moto mengi yanakauka yanageuka harufu, na yakizidi yanatiririka nyuma. Ndo maana chini pakavu. Ndo maana Kayabwe ilikuwa harufu bila tone.

Tuliweka rangi ya kung'aa kwenye kulanti, nikawasha injini robo saa, tukazima na kupampu tena. Tochi ya mwanga wa zambarau sikuwa nayo ya mafundi, nikachukua ile ya kukagulia noti dukani kwa shemeji, inafanya kazi ile ile. Tukafunika boneti kwa blanketi tukaingiza vichwa ndani. Paipu ya mbele, ile ya plastiki yenye umbo la Y iko chini ya pua ya supachaja, ilikuwa inawaka mstari wa kijani ulionyooka. Mstari ule ni mshono. Hizi paipu zinatengenezwa vipande viwili vya plastiki vinaunganishwa, na joto la miaka kumi linafungua ule mshono pole pole. Na nyuma, kwa kioo kidogo cha mkono, tukaona bondeni chini ya supachaja pia pametapakaa kijani, na pale hapafiki maji ya paipu ya mbele peke yake, maana kuna paipu nyingine ya plastiki huko inapeleka maji kwenye hita.

Na chini ya wota pampu, kile kitundu ambacho kinatakiwa kiwe kikavu kina alama ya rangi ya chungwa iliyokauka. Pampu nayo imeanza kuaga.

Uamuzi

Paipu ya mbele inatoka bila kugusa supachaja. Ya nyuma haitoki. Nilikaa na hilo usiku mzima kwa sababu kazi ya supachaja ni siku mbili na pesa yake, na ile ya nyuma inavuja kidogo tu kwa sasa. Lakini zote zimezaliwa siku moja, zimepikwa joto moja, na ile ya nyuma imepikwa zaidi, kwa sababu ukizima injini hakuna upepo unaofika pale, joto la block kutoka chini na la supachaja kutoka juu linakutana hapo hapo kwenye plastiki. Nikamwambia Hajji tunanyanyua. Akasema "hapo umesema".

Nimeagiza kwa kaka yangu aliye Dubai: paipu mbili za aluminiamu badala ya plastiki, wota pampu, themostati, gasketi zote za supachaja na intakula, oringi, na kulanti ya rangi ya chungwa ya aina ya OAT inayotakiwa na hii injini. Kuhusu rangi, usiende dukani ukasema nipe nyekundu au nipe kijani. Rangi ni rangi tu, soma aina nyuma ya chupa. Aina zisizopatana ukizichanganya zinaweza kuganda kama uji na kuziba rejeta.

Siku 12 gari imekaa. Nimetumia takisi.

Kunyanyua supachaja, siku ya kwanza

Tumetoa kulanti kwenye jerikeni na kufunga kifuniko, na Hajji hakubali jerikeni ibaki wazi hata dakika moja: ina utamu na ni sumu, pale nje kuna mbuzi wa jirani na watoto wanaopita.

Alafu mabomba ya hewa, throtobodi (mlango wa kuingizia hewa), mkanda wa supachaja, waya, hosi za intakula. Kila bolti iliyotoka tuliichomeka kwenye kadibodi niliyochorea umbo la injini, kila moja mahali pake, kwa sababu urefu haufanani. Waya za sensa nimezipiga picha kabla ya kuchomoa.

Supachaja yenyewe ni ya Eaton, ile ya rota mbili zenye ndewe nne nne zilizosokotwa nyuzi 160, na nilipoizungusha kwa mkono ikazunguka laini bila kukwaruza, nikafurahi sana maana hiyo ndo kitu ambacho sikutaka kununua. Ina oili yake yenyewe kwenye pua, haichangii na injini. Tukainyanyua watu watatu, wima bila kuinamisha, tukaiweka juu ya meza yenye blanketi. Hapo hapo, kabla ya mtu kusema neno, matundu yote ya hewa ya injini tukayaziba kwa vitambaa safi na tepu. Nati moja ikidondoka humo, hedi inafunguliwa kweli.

Bonde lilikuwa na kulanti kama vikombe viwili, na maganda meupe na ya chungwa pembeni kama chumvi ya Katwe, lile ziwa la chumvi kule Kasese. Paipu ya nyuma nilipoishika kwa vidole viwili ikavunjika kama biskuti. Sijaongeza chumvi, vidole viwili. Ile ingesafiri na familia yangu mpaka wapi?

Shida ikawa ncha yake. Sehemu inayoingia kwenye injini pamoja na oringi imebaki ndani ya tundu, na vipande vidogo vimeangukia kwenye njia ya maji. Usichokonoe kwa bisibisi kubwa, utakwaruza ukuta wa tundu na oringi mpya itavuja hapo hapo. Hajji alipasha moto ncha ya bisibisi nyembamba, akaichoma kwenye plastiki, akasubiri ipoe ishike, akavuta taratibu. Mara ya tatu ndo ikatoka. Vile vipande tukavivuta kwa vakyumu ya nyumbani yenye bomba jembamba mbele, alafu tukavipanga mezani kama fumbo mpaka tukahakikisha paipu nzima iko nje. Kimoja kilikuwa kimekosekana. Tumekitafuta dakika 40. Kilikuwa kwenye pindo la kitambaa.

Siku ya pili

Bonde limeoshwa, sensa za noki (zinazosikia injini ikigonga) zilizo mle zimesafishwa soketi zake. Nyuso za gasketi zimesuguliwa kwa plastiki, si kwa chuma, aluminiamu inakwaruzika upesi. Oringi zote zimepakwa kulanti mpya kabla ya kuingia ili zisijikunje. Paipu mpya za aluminiamu, ya nyuma kwanza.

Na hapa nilisimama. Kabla supachaja hairudi juu, nikamwomba Hajji tufunge mfumo kwa muda tupampu presha bonde likiwa wazi. Vijana walikuwa wanataka kumaliza, na ni kweli inaongeza saa mbili, unaziba hosi za intakula, unaunganisha hosi kubwa, lakini baada ya supachaja kukaa juu sitaliona hili bonde tena. PSI 15, nusu saa, geji haijasogea, tishu niliyoizungushia kila maungio iko kavu. Supachaja ikarudi, na gasketi mpya, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa vipimo vya kitabu cha huduma, kuanzia katikati kwenda nje.

Pampu, themostati, mkanda. Giza likaingia.

Kujaza

Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, yale ya betri bila asidi. Watu wananiambia Uganda hakuna barafu, weka maji ya bomba. Barafu si hoja. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji matupu yakiwa wazi yanachemka kwenye digrii kama 96, si 100, na injini hii inatembea kawaida kwenye 90 na kitu. Kinachozuia yasichemke ni mambo mawili, presha ya kifuniko na ile glaikoli iliyo ndani ya kulanti. Ukivuja, presha inakwenda, na ukiongeza maji matupu kila siku glaikoli nayo inakwenda, sasa umeondoa vyote viwili na bado unataka kupanda kilima cha Namirembe. Tena maji ya bomba yanaacha madini, na dawa za kuzuia kutu zinapungua nguvu.

Tukapandisha pua ya gari kwenye mteremko, hita kwenye moto wa mwisho, skrubu ya kutoa hewa wazi, tukamimina pole pole mpaka ikatoka bila mapovu. Lita 9 na kidogo. Injini ikawashwa, hita ikatoa hewa baridi, yani kuna hewa imenaswa. Tukazima, tukasubiri ipoe, tukaongeza, mara mbili hivyo. Mara ya tatu hita ikachoma mkono.

Siku tatu baadaye

Imeshuka upana wa kucha. Roho iliniruka. Presha tena: kutoka 15 mpaka 13 kwa usiku mmoja. Blanketi, tochi ya noti. Bonde kavu kabisa, mbele kavu. Ni kile kiungo cha T cha plastiki chenye skrubu ya kutolea hewa, juu kwenye hosi, tulipokikaza baada ya kujaza kimepata ufa mwembamba kama unywele. Plastiki pekee tuliyoiacha. Nimepata cha shaba Kisekka, nusu saa kazi imekwisha.

Kabale

Wiki mbili tepu haijasogea, na tulikuwa na shughuli ya ukweni Kabale, kama kilomita 400 na mwisho wake ni milima, mji wenyewe uko karibu mita 2,000 ambapo maji matupu yanachemka kwenye 93 hivi. Hajji akanipa lita mbili za mchanganyiko kwenye chupa akasema zirudi zikiwa zimejaa.

Simu nimeiweka kwenye dashibodi inaonyesha namba njia nzima. Masaka mpaka Mbarara 91, 92. Kupanda baada ya Ntungamo, gari imejaa watu na mizigo, supachaja inalia ile sauti yake nyembamba, 97, ikafika 99 nyuma ya lori, ikashuka 94 tulipolipita. Kayabwe tulisimama tena wakati wa kurudi. Nimefungua boneti, nimenusa. Gonja tu.

Nyumbani, asubuhi, injini baridi: kulanti iko kwenye mstari wa tepu. Gazeti chini kavu. Chupa ya Hajji nimeirudisha Ndeeba leo mchana, haijafunguliwa, akaitazama kwenye mwanga, akamwita dogo aiweke kwenye rafu.